Mota Hii Iliungua Mara Mbili

Hotuba kwa wanachuo wapya na wazazi wao, katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi upande wa Sengerema. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema siku ile.

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wangu, wazazi na walezi, na ninyi wadogo zangu mlioripoti wiki hii. Wakubwa, shikamooni. Wa rika langu, habari za asubuhi. Na kwa kuwa tuko nyumbani, mwangaluka.

Nimetoka Igoma saa moja asubuhi, na saa mbili na nusu nilikuwa nimeshakaa ofisini kwa walimu nakunywa chai. Mara ya kwanza nilipokuja chuo hiki nilikaa Kigongo nasubiri kivuko mpaka jua likawa la utosi. Nilikuwa nimekalia sanduku la bati, na mama yangu yuko kando ameshikilia godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Leo pale pana daraja la kilomita tatu, limefunguliwa Juni 2025, na unalivuka kabla maongezi hayajakolea. Mama hakuwahi kuliona. Siku ile ya kivuko aliniambia jambo moja tu: "Mwanangu, hapa ndipo pesa yangu imeishia." Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananipa hesabu yake, kama mfanyabiashara anavyompa mwenzake.

Biashara yake ilikuwa mapanki. Wazazi wa huku mnayajua, lakini wapo vijana waliokua baada ya mambo kubadilika. Kiwanda cha samaki kikishatoa minofu ya sangara, hubaki kichwa na mifupa yenye nyama kidogo. Hayo ndiyo mapanki. Mama aliamka saa kumi alfajiri, akapanga foleni nje ya geti, akanunua, akakaanga, akauza. Miaka yote hiyo alikijua kiwanda kwa upande wa geti. Aliniambia ndani kuna watu wenye mabuti meupe na visu, na kwamba nikisoma vizuri nitakuwa mmoja wao. Mimi nami niliamini hivyo. Nilidhani kiwanda ni kisu na buti.

Siku nilipoingia ndani kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, walinivusha ukumbi wa visu, nikapita mlango mwingine. Nikakuta chumba chenye mngurumo unaoingia mpaka kifuani. Palikuwa na mitungi mikubwa, mabomba yaliyoganda barafu nje kama yamepakwa chokaa, na harufu kali inayochoma pua. Ile ilikuwa amonia. Mnofu wa sangara haugandishwi kama tunavyogandisha maji kwenye friji ya nyumbani. Unapulizwa upepo wa baridi ya nyuzi 35 hadi 40 chini ya sifuri, mpaka katikati ya nyama pafike nyuzi 18 chini ya sifuri, na kutoka hapo hauruhusiwi kupanda joto tena mpaka ufike kwa mlaji. Amonia, kwa mgandamizo wa hewa ya kawaida, huchemka ikiwa nyuzi 33 chini ya sifuri, na mgandamizo ukipunguzwa huchemka kwenye baridi zaidi ya hapo. Ikichemka inafyonza joto la kila kilicho karibu nayo, halafu kompresa inaivuta, inaigandamiza, inapozwa, inakuwa majimaji tena, inarudi kazini. Mzunguko huo haulali. Ukisimama usiku mmoja, kazi ya wavuvi wa Ukerewe na Ukara na visiwa vingine inaozea kwenye trei.

Nikajiuliza: huyu anayelinda mzunguko huu alisoma wapi? Nikamkuta. Alikuwa fundi mtu mzima, amesoma chuo cha ufundi, ana kalamu ya risasi nyuma ya sikio na daftari lenye mafuta. Kila saa moja alipita akisoma geji, akaandika. Nilikaa naye wiki nzima nikidhani hafanyi kazi, maana sikumwona akishika spana. Siku ya sita akanionesha kwenye daftari namba iliyokuwa inapanda kidogo kidogo tangu Jumatatu. Akasema beringi ya pampu inakwisha, tuibadilishe Jumapili kabla haijatuchagulia siku yenyewe. Tukaifungua Jumapili. Vijigololi vyake vilikuwa vimeshaanza kubanduka ngozi.

Nimekuja na mzigo kwenye gari, uko pale nje chini ya mwembe. Nitaueleza kwanza, halafu tutaushusha. Ni mota ya umeme ya kilowati tatu, imeungua. Imeungua mara mbili, na mara ya pili iliunguzwa na mimi.

Ilikuwa inaendesha mkanda unaopeleka trei za minofu kwenye chumba cha kugandishia, katika kiwanda nilichokuwa nafanya kazi zamani. Siku moja ikasimama, ikatoa moshi. Tukaitoa, tukaipeleka kwa msukaji mota kule Mabatini, akaisuka upya, nikaifunga mwenyewe. Nilikuwa na cheti changu, nilikuwa na miaka miwili kazini, nilijiona fundi. Nikabana nati, nikaunganisha waya, nikawasha, mkanda ukazunguka. Bosi akanipongeza. Baada ya siku tisa, Ijumaa usiku, ikatoa moshi tena. Wasichana wa zamu ya usiku walibeba trei kwa mikono mpaka alfajiri, katika baridi ile, na bado sehemu ya minofu ilishuka daraja ikauzwa kwa bei ya hasara. Naikumbuka mikono yao. Ilikuwa imekufa ganzi, hawawezi hata kushika kikombe.

Jumamosi nikampelekea tena yule mzee wa Mabatini. Nilikwenda na hasira, nikidhani amenisukia vibaya. Hakubishana. Alifungua mfuniko, akaileta mwangani, akaniambia, "Binti, tazama rangi." Ndani ya mota ya fezi tatu kuna makundi matatu ya koili, kila fezi na kundi lake. Makundi mawili yalikuwa meusi kama mkaa. La tatu lilikuwa bado na rangi yake ya vanishi, linang'aa, kana kwamba limefungwa jana. Mzee akasema: "Ningesuka vibaya pangeungua mahali pamoja, pale penye kasoro. Mzigo ungezidi zingeungua zote tatu. Mbili zimeungua, moja imepona, maana yake hii moja haikupata chakula, zenzake zikabeba kazi yake. Umeshapima umeme unaoingia?"

Sikuwa nimepima. Nilikuwa na mita mkobani na sikuwa nimepima.

Nikarudi kiwandani. Nikapima volti kwenye nyaya za kuingia mota ikiwa imefunguliwa: 400, 400, 400. Safi kabisa. Hapo ndipo wengi tunapofunga mkoba. Lakini neno la mzee lilikuwa linanisumbua, nikafunga mota ya akiba, nikawasha, mkanda ukiwa na mzigo, nikazungushia mita ya koleo waya mmoja baada ya mwingine. Ampea 8.4. Ampea 8.7. Ampea 3.1. Kibao cha mota kimeandikwa 6.3. Nikazima haraka. Nikafungua kontakta, ile swichi kubwa inayopokea amri ya kuwasha na kuzima, nikakuta ncha moja kati ya tatu imeliwa, imebaki kama jino bovu. Bila mzigo, umeme unapita kidogo, mita inadanganyika. Ukiweka mzigo, njia ile inakaba.

Ovalodi ilikuwa wapi? Ovalodi ni kifaa kilichowekwa makusudi ili umeme ukizidi kikate kabla mota haijaungua. Nikaitazama. Ilitakiwa iwe kwenye 6.3, nikakuta mtu ameizungusha mpaka 10. Ilikuwa inakata kila mara, ikawaudhi, wakaipandisha ili inyamaze. Ilikuwa inasema kweli nao wakaiziba mdomo. Na ncha ile ililiwa na nini? Mpira wa mlango wa paneli ulikuwa umechanika. Wanaoosha sakafu usiku walikuwa wanapuliza maji, unyevu unaingia, kutu inakula taratibu. Kwa hiyo mota kuungua mara mbili, usiku mmoja wa mateso na minofu iliyoshuka daraja vilitokana na mpira wa mlango. Nilibadilisha kontakta, nikarudisha ovalodi mahali pake, nikaweka mpira mpya. Mkanda ule ulizunguka miaka yote niliyobaki pale.

Wazazi wangu, nimekawia kwenye mota kwa sababu mnawaleta watoto hapa wasomee kazi ambayo wengi mnaifikiria kama nilivyoifikiria mimi wakati ule. Fundi ni mtu wa kutoa kilichoharibika na kuweka kipya. Hiyo ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Kiwanda cha leo kinamlipa vizuri yule wa nusu ya pili, anayejua kwa nini kimeharibika, na anayejua kwa kupima. Kukisia kunaonekana kama ujuzi mpaka siku ya tisa.

Najua pia kinachosemwa majumbani. Mtoto amepata sifuri kidato cha nne, basi "apelekwe ufundi", kwa sauti ile ile ya kusema mgonjwa apelekwe hospitali. Mimi nililetwa kwa sauti hiyo. Sitawaambia kwamba matokeo hayana maana. Hesabu niliyoikimbia shuleni niliikuta hapa inanisubiri, nikalazimika kuisoma upya usiku, kwa mshumaa wakati mwingine. Ninachowaambia ni kwamba kazi hii si pa kutupia mtu asiyefikiri. Mtu asiyefikiri akipewa chumba cha amonia ataua watu. Mnaowaleta hapa waleteni kwa heshima, na waambieni mnategemea wafikiri.

Nawageukia ninyi wadogo zangu. Wiki za kwanza karakana mtapewa kipande cha chuma, jiliwa na tupa, mtaambiwa mkipige tupa mpaka kiwe mraba, pande zote sawasawa, pembe zote nyuzi tisini. Mtachukia. Mikono itatoka malengelenge. Mtajiuliza kwa nini mnapiga tupa wakati siku hizi kuna mashine za CNC, unaandika namba kwenye kompyuta nayo inakata yenyewe. Mimi nilikipiga tupa kipande changu siku kumi na saba. Mwalimu alikuwa anakichukua, anaweka skweya juu yake, anakiinua usawa wa dirisha, anatazama kama mwanga unapita kati ya chuma na skweya. Ukipita hata uzi, anakurudishia bila kusema neno. Siku ya kumi na nane aliinua, akatazama, akageuza upande wa pili, akatazama, akanirudishia, akasema, "Sasa unaweza kuona."

Nilikuja kumwelewa miaka baadaye. Chukueni shafti ya milimita 40 inayovaa beringi. Mchoro unaweza kukuambia unene wake usipungue 40.002 na usizidi 40.018. Nafasi yote uliyopewa ni sehemu kumi na sita tu, milimita moja ikigawanywa sehemu elfu. Unywele wa kichwani ni mnene mara nne ya hapo, labda zaidi. Ukikata shafti nyembamba kuliko hiyo, beringi itateleza juu yake na kuila. Ukiiacha nene, beringi itabanwa, itapata joto, itakufa mapema. CNC itakata namba yoyote utakayoandika, hata namba ya kipumbavu. Mashine haijui aibu. Anayejua kwamba kipande hakiko sawa ni yule aliyekwisha kuona mwanga ukipita chini ya skweya, aliyeshika mikromita na kujua kwamba hata joto la kiganja chako linabadilisha kipimo. Tupa ndiyo inayofundisha macho.

Kuna jambo la kuchomelea nitalisema kwa sababu ya historia ya ziwa hili. Kati ya 1997 na 1999 soko la Ulaya lilifungwa zaidi ya mara moja kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa sababu ya vijidudu, kisha kwa hofu ya kipindupindu, mwisho kwa sababu ya sumu iliyotumika kuvulia. Wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi bei ya sangara ilivyoanguka mwaloni, na nyumba ngapi zilivyolala bila chakula. Soko lilipofunguliwa, viwanda vilikuwa vimebadilika. Mbao ziliondoka, meza zikawa za stenlesi, maji yakaanza kupimwa, kila hatua ikawa na daftari lake. Na hapo ndipo mchomeleaji wa kawaida alipoanza kukosa kazi kwenye viwanda vya chakula. Fundi anayechomelea mageti mtaani akichomelea meza ya stenlesi kama geti, anaacha mshono wenye vishimo. Kwa macho ya kawaida ni mshono imara. Lakini ndani ya kile kishimo, ambacho brashi haifiki, mabaki ya samaki yanakaa na vijidudu vinazaana. Mkaguzi anapitisha pamba pale, anapeleka maabara, na kontena zima linaingia mashakani. Kwa hiyo anatafutwa mchomeleaji anayejua kutumia gesi ya agoni, anayelinda mshono usiungue upande wa nyuma, anayeusafisha mpaka kidole kikipita hakihisi kitu. Wako wachache sana upande huu wa ziwa. Vijana wa darasa la uchomeleaji, nimewatazama ninyi ninaposema hivi.

Na si samaki tu. Mwanza kuna bia, kuna soda, kuna viwanda vya mafuta ya pamba, kuna kiwanda cha kusafisha dhahabu. Pale bandari ya Mwanza South walijenga meli ya MV Mwanza, ya urefu wa mita 92 na nusu hivi, ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, wakaishusha majini Februari 2023. Mabamba ya meli hiyo yalichomelewa pale pale bandarini. Niliwahi kusimama nje ya uzio na vijana wa mtaani kwetu tukitazama cheche usiku, na mmoja akaniuliza, "Dada, wale wametoka nchi gani?" Nikamwambia wapo Wakorea, na wapo Watanzania. Alikataa kuamini sehemu ya pili mpaka alipomwona jirani yetu akitoka getini na kofia yake.

Sasa nina ombi kwa walimu wangu, na naliomba kwa adabu maana ninyi ndio mlionishika mkono.

Historia ya vyuo hivi mnaijua kuliko mimi. Mwalimu Nyerere aliona kule Sweden vyuo vya wananchi, ambako mtu mzima anarudi kusoma kinachohitajika kijijini kwake bila kuulizwa cheti cha zamani, na mwaka 1975 vyuo vyetu vikaanza. Leo viko 54 chini ya wizara. Marekani nao wana vyuo vyao vya jamii. Kikongwe kati ya vile vya umma kiko Joliet, jimbo la Illinois, kilianza 1901. Ninachokipenda kwao ni namna wanavyofundisha teknolojia ya viwandani. Mwanafunzi wa miaka miwili hafungiwi kwenye umeme peke yake au mitambo peke yake. Anasoma umeme, giaboksi, haidroliki, hewa ya mgandamizo, michoro, vipimo, na ile kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo tunayoiita PLC, vyote vikiwa juu ya mtambo mmoja. Na wengi wao siku kadhaa za wiki wako kiwandani, kwa malipo, siku zilizobaki wako darasani. Kiwanda kinakaa na chuo kuambiana kifundishwe nini.

Mota yangu iliungua kwa sababu ya mpira wa mlango. Je, huo ni umeme au mitambo? Tukimfundisha fundi umeme aishie kwenye waya, na fundi mitambo aogope kufungua paneli, yule wa kwanza atabadilisha mota, wa pili atapaka grisi, na mpira utabaki umechanika. Sisemi tusubiri mpaka tupate mitambo mipya kutoka nje. Mota mbovu, kontakta tatu, sensa mbili, mkanda wa mashine ya kusaga, tunaweza kutengeneza mtambo mdogo wa kujifunzia hapa karakana. Uharibuni makusudi, kila wiki kwa namna tofauti, mwanachuo atafute sababu. Aandike kwanza anachodhani, kisha apime, kisha ndipo ashike spana. Viwandani kuna vifaa chakavu vinauzwa kama skrepa, na mameneja wengi wakiombwa kwa barua ya chuo hutoa. Nimeomba na nimepewa.

Tena kuna fedha zinazopaswa kutufikia kwa njia moja au nyingine. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu yake inakwenda VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwajiri anayelipa tozo hiyo ana haki ya kuuliza vijana wako wapi, nasi tuna haki ya kumwuliza mlango wa mafunzo kazini uko wapi. Tukutane katikati. Mwanafunzi anayepelekwa kiwandani miezi miwili akafagie na kutumwa chai hajafunzwa, na mwalimu anayesaini kitabu chake bila kufika kuona hajamsaidia.

Nisisahau mafundi wa mtaani, maana nimeona baadhi yenu mmesimama pale nyuma. Kama umechomelea miaka kumi na huna karatasi, VETA wana utaratibu wa kukupima na kukutambua kwa ujuzi ulionao, ulioupata kazini. Unaoneshwa pengo lako, unafundishwa hilo pengo tu, unapewa cheti. Uliza, usione haya. Nimefanya kazi na mtu wa namna hiyo, na kwa kusikiliza mlio wa beringi hakuna aliyemshinda.

Wasichana, ninyi mko saba kati ya hamsini na kitu, nimewahesabu. Darasani kwetu tulikuwa wawili. Sitawaficha, kuna wanaume watakaokuchukulia spana mkononi kwa kukuonea huruma. Ichukue tena, kwa heshima, ufanye. Huruma ile ukiizoea utatoka hapa na cheti bila mikono. Nywele zifungwe ndani ya kofia, kanga na mtandio vibaki nje ya karakana, pete ivuliwe. Shafti inayozunguka haijui kama ulitaka kupendeza.

Na wote, wake kwa waume, nunueni kufuli. Nasema kweli, kabla ya simu mpya. Yangu hii hapa, nyekundu, ina jina langu. Ninapoingiza mkono kwenye mtambo wowote nazima swichi kuu, naifunga kwa kufuli hii, ufunguo nauweka mfukoni mwangu, halafu ndipo napima kuhakikisha umeme haupo. Hakuna mwenye ufunguo wa pili. Kuna siku msimamizi wa zamu alikuja mbio kuwasha mkanda, hakujua niko chini yake hadi mabegani. Akavuta swichi, kufuli ikakataa. Alinijia akitetemeka, akakaa chini sakafuni pale pale penye maji. Hatukusemeshana kwa muda mrefu. Kufuli ile ndiyo hii.

Kuhusu mshahara, kwa kuwa wazazi mmeniuliza kabla sijapanda hapa. Mtoto akimaliza anaweza kuanza kama deiwaka, analipwa kwa siku, na miezi hiyo ni migumu. Mimi nilianza hivyo, miezi minane. Kilichonitoa kwenye udeiwaka ni daftari. Niliandika kila hitilafu niliyoiona, sababu yake, kipimo kabla na kipimo baada. Siku nafasi ilipotoka, wenzangu walikuwa na vyeti kama changu. Mimi niliweka daftari mezani, na mhandisi akaanza kulisoma, akasahau kuniuliza maswali. Mnunulieni mwanao daftari lenye jalada gumu. Hilo ninaweza kuwaahidi kwamba halitapotea bure.

Mkuu wa Chuo, naona unatazama saa, namalizia.

Mota ile sikuisuka tena. Chuma cha ndani kilikuwa kimeharibika kwa joto, ikawekwa kwenye skrepa, na nilipohama kiwanda nikaiomba. Imekaa nyumbani kwangu chini ya meza miaka sita. Makundi mawili meusi, moja linang'aa, vile vile kama mzee wa Mabatini alivyonionesha. Nimeamua ikae hapa karakana. Nimekuja pia na kontakta yenyewe, ile ya ncha iliyoliwa, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kipande cha ule mpira.

Nahitaji watu wawili wa kunisaidia kuishusha, ina kilo zisizopungua ishirini. Wewe dada wa kofia ya bluu, na wewe uliyekaa karibu na mlango. Mwalimu, bisibisi na spana namba 10 ziko wapi? Wazazi nao wanaotaka kuona waje, tutaifungua kwenye meza ya pili, pale penye mwanga wa dirisha.